Maghorofa ya Udongo

Kila nionapo mnara mpya wa vioo ukipanda Dar es Salaam, viyoyozi vikidondosha maji mgongoni mwake, fikra zangu hukimbilia Shibam. Mji huo uko Hadhramaut, Yemen, kwao Washihiri wale wale waliovuka bahari wakaja kuoa na kuuza kahawa Lamu, Mombasa na Unguja. Nyumba zake ni maghorofa marefu yaliyosongamana, mengine yafikia ghorofa saba, na kuta zake ni za udongo. Sehemu kubwa ya mpangilio wake ni ya karne ya 16, baada ya mafuriko kuukumba mji.

Hapo ndipo nisipochoka kumsifu fundi. Udongo huuchukua shambani, kule maji ya mafuriko yanakoacha tope laini. Huukanda na majani makavu, huukata matofali mapana, kisha huliachia jua kazi yake. Hana haraka, wala jua halina. Ukuta huanza mnene chini na kupungua kadiri unavyopanda, na unene huo ndio unaochelewesha joto la mchana kuingia ndani. Ghorofa ya chini ni ghala la nafaka, haina madirisha ya maana. Juu yake hupokewa wageni, juu zaidi ni faragha ya familia, na huko juu kuna milango inayotoka nyumba hii hadi ya jirani, shoga akamtembelea shogaye bila kukanyaga barabara. (Leo tungeuziwa jambo hilo kwa bei ya dola.) Paa na kuta za juu hupakwa chokaa iliyochomwa na kupondwa kwa saa nyingi, ili mvua isipenye.

Nyumba kama hizi hazisamehe uzembe. Yalipofika mabomba bila mifereji ya kutosha, misingi ikaanza kunywa maji yaliyovuja. Mwaka 2008 mafuriko yakaja tena, kisha vita. UNESCO, iliyoutambua mji huo mwaka 1982, ikauingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2015. Na mwashi wa udongo, anayejua kwa kidole tu kama tope limeiva, sasa anashindana na saruji.

Nasi tunajenga kana kwamba umeme haukatiki. Wasanifu wa pwani, kabla ya kuagiza vioo, anzeni na kivuli na ukuta mnene.