Michezo ya Video Inayomfaa Mwanafunzi wa Lugha

Ukitaja michezo ya video katika hosteli za wanafunzi hapa Kampala, watu huelewa kandanda. Kompyuta moja, wachezaji wawili, watazamaji kumi, na kelele hadi saa sita usiku. Sina ugomvi na kandanda. Lakini ipo michezo isiyozungumzwa sana, na miwili kati yake imenionyesha mambo kuhusu lugha ambayo sikuyapata katika kozi ya isimu. Nataka kuwapendekezea wenzangu wa Kiswahili, na wahadhiri wetu pia kama watakuwa na subira.

Wa kwanza unaitwa Chants of Sennaar. Ulitolewa mwaka 2023 na studio ndogo ya Ufaransa iitwayo Rundisc, na umejengwa juu ya kisa cha mnara wa Babeli. Msafiri aliyevaa joho anaamka chini ya mnara mkubwa. Kila ngazi ya mnara ina jamii yake na maandishi yake: kuna waumini, wapiganaji, washairi na wengine juu yao, na hakuna jamii inayoielewa nyingine. Hupewi upanga wala bunduki. Kazi yako ni kuelewa. Unaiona alama fulani kwenye mlango, kisha unamkuta mtu anayeitumia huku akinyoosha mkono, nawe unakisia: labda ni "fungua", labda ni "mlango" wenyewe. Kisio unaliandika katika daftari. Baadaye daftari hukupa michoro, na ukiweka kila alama ya ukurasa kwenye mchoro wake, mchezo unathibitisha. Ukikosea hata moja, mchezo unanyamaza, nawe unarudi kuwasikiliza watu upya.

Hivi ndivyo wengi wetu Waganda tulivyokipata Kiswahili kabla ya kukutana na ngeli darasani. Tulikiokota njiani, kwa askari wa zamu na kwa wafanyabiashara waliotoka upande wa Busia. Nilijua "lete" miaka mingi kabla sijaambiwa kwamba ni kitenzi kisichofuata kanuni ya amri. Mchezo huu unaheshimu ujuzi wa namna hiyo. Hata sarufi huifundishi kwa jedwali: waumini wanaonyesha wingi kwa kurudia alama mara mbili, na ukifika kwa washairi unagundua kwamba mtendwa hutangulia sentensi, kwa hiyo kila ulichokizoea huko chini kinapinduka. Hakuna anayekueleza. Unachanganyikiwa kwa muda, kisha unaona.

Lakini kilichonifanya nimalize mchezo huu, kisha niuanze tena, ni neno moja. Wapiganaji wana alama ya kuwaita waumini wa ngazi ya chini, na maana yake ni "najisi". Wewe umetoka huko chini. Umekaa na watu hao, umejifunza salamu yao, unajua wanavyojiita wenyewe. Sasa ili uendelee ni lazima uthibitishe tusi hilo, uliandike katika daftari lako kama neno lingine lolote. Mchezo hauhubiri hapo. Unakuacha tu na kamusi ambayo ndani yake watu walewale wana jina moja kinywani mwao na jina jingine kinywani mwa jirani.

Sisi tunaosoma Kiswahili nchini Uganda hatuhitaji mnara ili kulielewa jambo hili. Kiswahili kimeitwa hapa lugha ya askari na wezi, hasa kwa sababu ya kumbukumbu za utawala wa Idi Amin, ingawa jeshi lilikuwa limekirithi tangu enzi ya King's African Rifles. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo jajja wangu akinisikia nikipiga simu kwa Kiswahili huuliza nani amekamatwa. Sera imebadilika, ila alama iliyomo katika daftari la jajja ni ileile. Katika sehemu za baadaye mchezo unakuweka kati ya watu wa ngazi mbili wanaoonana kupitia mtambo, nawe unakuwa mkalimani wao. Nimesoma nadharia kadhaa za tafsiri, na sijui ni ipi iliyonifanya nihisi uzito wa kazi hiyo kama dakika zile.

Kasoro zipo. Kuna sehemu za kujificha walinzi wasikuone, nazo zinachosha na hazina uhusiano na wazo kuu. Kubwa zaidi ni kwamba kila alama ina maana moja, na maana hiyo ikishathibitishwa imefungwa. Hebu jaribu kukiweka kitenzi "piga" katika daftari la namna hiyo. Tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mbizi, tunapiga hodi, na mchoro wa mtu aliyeinua fimbo hautasaidia hata kidogo. Waundaji walihitaji fumbo linaloweza kufumbuliwa, naelewa, lakini mwanafunzi wa semantiki atauona ukuta mapema.

Mchezo wa pili ni Never Alone, wa mwaka 2014, ambao kwa lugha ya Waiñupiaq wa Alaska unaitwa Kisima Ingitchuna, yaani "siko peke yangu". Chimbuko lake ni baraza la wenyeji la Cook Inlet, lililoshirikiana na kampuni ya E-Line Media. Msichana Nuna na mbweha mweupe wanakwenda kutafuta chanzo cha dhoruba ya theluji isiyokoma. Hadithi yenyewe ni ya masimulizi, na waundaji waliifuata katika utambaji wa mzee Robert Nasruk Cleveland, wakaomba ruhusa kwa binti yake kabla ya kuitumia. Wangapi kati yetu huomba ruhusa tunapokwenda vijijini kukusanya ngano za kozi ya fasihi simulizi?

Kama mchezo, wenyewe ni wa wastani. Ukicheza peke yako, mbweha huongozwa na kompyuta, huchelewa kuruka, na mnakufa wote. Filamu fupi za wazee na vijana wakieleza maisha yao ni nzuri, ila zikitazamwa katikati ya safari zinamkata mtambaji kauli, kwa hiyo nashauri ziachwe hadi mwisho. Thamani yake iko katika sauti. Hadithi yote inasimuliwa kwa Kiiñupiaq na mzee James Mumiġan Nageak, na lugha nyingine zinabaki kuwa maandishi ya chini ya skrini. Msimulizi hasogei ili kukufuata. Wewe ndiye unayesogea.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka tuanze na Aurion, mchezo wa mwaka 2016 wa Kiro'o Games ya Cameroon, kwa sababu tu ni wa Kiafrika. Mapigano yake yanasisimua, na wazo la nguvu zinazotoka kwa mababu ni zuri. Lakini mazungumzo yake ni marefu kupita kiasi, na yote unayasoma kwa lugha za wakoloni, Kifaransa au Kiingereza. Mababu wanatajwa, ila husikii walisemaje.

Mwenye jioni moja tu aanze na Never Alone. Ni wa saa tatu au nne hivi. Asizime sauti kwa ajili ya muziki wake, na kwa dakika kumi za mwanzo ajaribu kutoyasoma maandishi ya chini.