Televisheni Ndiyo Inayochagua Kompyuta

Orodha ya kwanza ya vifaa aliyonionesha mpwa wangu ilikuwa na prosesa ya Intel Core i3-12100F, kijiti kimoja cha RAM cha GB 16, kasha la vioo lenye feni za taa za rangi, na pawa saplai ambayo muuzaji wa Kariakoo alimwambia "inakuja na kasha, bure". Kadi ya grafiki haikuwamo. Hiyo angeiongeza mshahara ukitoka. Kompyuta hiyo ingewaka vizuri, feni zingezunguka, taa zingemetameta, na televisheni ingebaki nyeusi. Herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel ina maana kwamba chipu haina grafiki inayofanya kazi ndani yake. Bila kadi ya ziada hakuna picha, hata ya kuwekea Windows.

Alitaka kompyuta moja ya sebuleni ya kutazamia filamu na YouTube, kuchezea mpira, yaani EA Sports FC, na GTA V. Nilimuuliza swali moja kwanza: ungetaka mpira peke yake? Maana kwa mpira tu, PlayStation 4 iliyotumika ni nafuu zaidi na haina maumivu ya kichwa. Alisema hapana, anataka na maktaba ya filamu na kazi za chuo. Basi tukaifuta orodha na kuanza upya, safari hii kutokea kwenye televisheni.

Televisheni yenyewe ni ya inchi 43, ya 4K. Watu hudhani ukishakuwa na TV ya 4K unalazimika kucheza gemu kwa 4K, na hapo ndipo bajeti inapopasuka. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160. Ile tunayoiita "full HD" ni 1920 kwa 1080, ambayo ni robo yake kamili. Kwa hiyo gemu ikichorwa kwa 1080, TV inaweza kuitandaza kila pikseli ikawa nne, na ukikaa mita mbili kwenye kochi hutapata sababu ya kulalamika. Filamu ndizo zinazodai 4K, na kuonesha filamu ni kazi nyepesi kwa chipu ukilinganisha na kuchora uwanja wenye wachezaji 22. Tukaamua hivi: filamu kwa 4K, gemu kwa 1080.

Uamuzi huo ulileta sharti lake. Tundu la HDMI la kizazi cha 1.4 hupitisha 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde, na hata mshale wa mausi utauona unaburuzika. Kwa fremu 60 unahitaji HDMI 2.0 au zaidi. Ubao mama wa bei ya chini kabisa, hasa ule wa zamani wenye chipseti ya A320, mara nyingi una tundu la 1.4, na kwenye boksi kumeandikwa "4K" bila aibu yoyote. Hakuna njia ya mkato hapa: fungua kitabu cha ubao, tafuta mstari wa HDMI, usome idadi ya hezi, yaani fremu kwa sekunde.

Kwenye prosesa tulibaki na mbili, zote za AMD, zote zikiwa na grafiki ya maana ndani. Ya kwanza ni Ryzen 5 5600G iliyotoka mwaka 2021, yenye viini sita, inayokaa kwenye soketi ya AM4 na kutumia DDR4. Ya pili ni Ryzen 5 8600G ya mwaka 2024, inayokaa AM5 na kutumia DDR5. Hii ya pili ni bora bila ubishi. Grafiki yake ina nguvu zaidi, na inasoma AV1, mbano wa video uliotolewa mwaka 2018 ambao YouTube inautumia zaidi kila mwaka. Chipu ya 5600G haina sakiti ya AV1, kwa hiyo kazi hiyo huangukia viini vya kawaida, au YouTube inaletwa kwa mbano wa VP9, ambao chipu hiyo inausoma bila tabu.

Tulichukua 5600G. Sababu haikuwa bei ya prosesa peke yake. Soketi ya AM5 inakuja na ubao wa bei kubwa zaidi na DDR5, na mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda kwa kasi duniani kote kwa kuwa viwanda vilikuwa vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba. Micron hata ilitangaza Desemba mwaka huo kwamba inaachana na biashara ya Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. DDR4 nayo haikupona, lakini ya mitumba ipo madukani, na inafanya kazi ileile. Ubao tuliochukua ni wa A520. Tahadhari kwa anayependa kubeba ubao wa A320 au B450 uliotumika: nyingi zilitoka kiwandani kabla ya prosesa hii, hivyo bila BIOS mpya, yaani programu ya ndani ya ubao, prosesa haitatambuliwa, na kwa ubao mwingi huwezi kubadilisha BIOS kwa kompyuta isiyowaka. Mwambie muuzaji aifanye kazi hiyo mbele yako.

Sasa tuje kwenye RAM, ambako ndiko watu wengi hupoteza nusu ya kompyuta waliyoilipia.

Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inakopa kwenye RAM, na kila fremu ya gemu inapita huko. Kijiti kimoja cha DDR4 kina njia ya biti 64, yaani baiti nane kwa mpigo mmoja. Kwa kasi ya 3200, ambayo ni mipigo milioni 3,200 kwa sekunde, hiyo ni GB 25.6 kwa sekunde. Weka vijiti viwili vya GB 8 kila kimoja, prosesa itavisoma sambamba na utapata GB 51.2. Fundi wa dukani alishikilia kwamba GB 16 ni GB 16. Kwa kuhifadhi, ndiyo. Kwa grafiki hii ni kuchota kisimani kwa ndoo moja badala ya mbili: maji ni yaleyale, foleni ndiyo inayokuua. Ili uone jinsi chipu hii ilivyo na kiu, kadi ndogo ya GTX 1650 ya mwaka 2019 ina GB 128 kwa sekunde peke yake. Ukishainyima 5600G kijiti cha pili, gemu zinazotegemea grafiki zitapungua fremu kwa kiwango ambacho hata mtoto atakiona.

Na bado kuna mtego mwingine. RAM iliyoandikwa 3200 mara nyingi huwaka kwa 2400 au 2666 mpaka uingie kwenye BIOS na kuwasha XMP, ambayo watengenezaji wengine huiita DOCP. Kazi ya dakika mbili. Kwenye ubao wenye nafasi nne, vijiti huwekwa kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, si zinazofuatana. Mpwa wangu ana nafasi mbili tu, kwa hiyo hapo hakukuwa na la kukosea.

Pawa saplai ya "bure" niliikataa kabla ya kuifungua. Ilikuwa nyepesi mkononi, na kibandiko chake kiliandika wati 500 kwa herufi kubwa huku mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha prosesa na kadi, ukiwa na ampea chache zisizotoa hata nusu ya wati hizo. Zidisha ampea za mstari huo kwa 12, utapata wati zake za kweli. Kompyuta hii haihitaji nguvu nyingi: prosesa imepangiwa wati 65, na mashine nzima ikicheza gemu haifiki 150. Tulinunua ya wati 450 yenye alama ya 80 Plus Bronze, kwa ajili ya umeme wetu na kwa ajili ya kadi ya baadaye. Umeme wa mtaani kwake hushuka jioni watu wakiwasha majiko, kisha hurudi kwa kishindo. Pawa saplai nzuri inakubali kuanzia volti 100 hadi 240 bila swichi ya nyuma. Zile zenye swichi nyekundu ya 115 na 230, mtoto huigeuza akicheza, na moshi unatoka.

UPS ni nyongeza ya maana, ila usisome VA ukadhani ni wati. Ya 650 VA kwa kawaida hutoa chini ya wati 400. Kwa mashine hii na TV inatosha kuzima kwa utaratibu, si kumalizia mechi.

Kuhifadhi hakukutuchukua muda. SSD ya NVMe ya TB 1 kwa Windows na gemu, na diski ya kawaida ya kuzunguka kwa filamu, kwani filamu haihitaji kasi. Hakikisha tu kwamba SSD ya M.2 unayouziwa ni NVMe kweli. Ya SATA ina umbo hilohilo na huishia kama MB 550 kwa sekunde. Jambo linalouma zaidi ni bando. EA Sports FC inadai nafasi ya GB 100. Kama una rafiki mwenye gemu hiyo kwenye Steam na nawe umeinunua, tangu 2023 Steam inaruhusu kuihamisha kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao wa nyumbani, bila kugusa bando. Na usijaribu Linux kwa ajili ya gemu hii. Ulinzi wake dhidi ya udanganyifu unataka Windows.

Kasha la vioo lilirudi dukani. Dar ina joto na vumbi, na kompyuta ya sebuleni mara nyingi husukumwa ndani ya kabati la TV lililozibwa nyuma, ambako feni hupiga kelele juu ya filamu. Tulichukua kasha dogo la microATX lenye wavu mbele, kichujio kinachovuliwa na kuoshwa, na feni mbili za milimita 120 zinazozunguka taratibu. Feni ya prosesa ilikuja kwenye boksi lake. Ubao haukuwa na Bluetooth, hivyo kipokezi cha USB kikawekwa mbele, si nyuma ya bati, la sivyo pedi za kuchezea zingekatikakatika.

Kadi itakuja baadaye. Hapo namtahadharisha mapema: 5600G inatumia PCIe ya kizazi cha tatu, na kadi kama RX 6400 ina njia nne tu, kwa hiyo hapa itadhoofika. RTX 3050 ya GB 6 inatumia njia nane, hula wati 70, nyingi hazihitaji waya wa ziada, na inasoma AV1. Hiyo ndiyo ningeisubiri.

Kama fedha yako haifiki, punguza ukubwa wa SSD, chukua kasha la mtumba, acha UPS kwa sasa. Kijiti cha pili cha RAM na pawa saplai usiviguse. Na kabla hujalipa, dai risiti, kisha kompyuta iunganishwe kwenye TV ya 4K palepale dukani, uone imeandika hezi 60.