Mafundi wa Maji ya Ruvu

Mafundi wa maji wa Dar es Salaam nawapa pongezi zangu zote. Jiji hili linakunywa zaidi kutoka mto Ruvu, na mto ni ule ule huku watu wakiongezeka kila mwaka. Mtambo wa Ruvu Juu, pale Mlandizi, umepanuliwa kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi 196; wa Ruvu Chini, Bagamoyo, kutoka 182 hadi 270.

Kilichonigusa zaidi nilikiona mtaani kwetu, saa nne usiku. Fundi alikuwa shimoni, maji ya tope yakimfika magotini, mwenzake akimmulikia kwa tochi ya simu. Alikata kipande cha bomba kilichopasuka, akapachika kiungo kipya, akakaza nati za upande huu na za upande ule kwa zamu, kisije kikakaa upogo. Valvu ilipofunguliwa aliweka kiganja juu ya kiungo, akatulia. Pakavu.

Mwishoni mwa 2022 ukame uliushusha mto, mgao ukaanza, na madumu yakapanga foleni tena. Visima virefu vya Kigamboni vikatusitiri. Sasa bwawa la Kidunda linajengwa mkoani Morogoro, ili maji ya mvua yatufae hata kiangazi. Ni kazi iliyochelewa, ila naifurahia kwa dhati, maana pembezoni mwa jiji wapo akina mama ambao bado wanaamka alfajiri kutafuta maji.

Yule fundi alinawa mikono kwenye bomba letu, akabeba spana zake. Alikuwa anaitwa kwingine.