Shaba, Birika na Kalasha: Majina ya Vyombo vya Ibada ya Wahindu

Miongoni mwa hati zilizoletwa kwetu ili zihakikiwe, ilikuwamo orodha ya mali ya marehemu iliyofasiriwa kwa Kiswahili na ofisi moja ya umma kwa ajili ya mirathi. Chini ya kichwa "Vyombo vya jikoni" mfasiri ameandika hivi: "Mabirika ya shaba 2, kikombe cha shaba 1, kijiko cha shaba 1, taa ya shaba 1, kengele ya shaba 1, sinia la shaba 1." Hati ya asili, ambayo iliandikwa kwa Kigujarati, haikutaja jiko hata mara moja. Vyombo hivyo vilikuwa vya chumba cha ibada katika nyumba ya familia ya Kihindu. Kwa kuwa viliandikwa kuwa vya jikoni, vilipimwa kwa mizani kama shaba chakavu, na warithi wakapewa hesabu ya kilo. Malalamiko yao ndiyo yaliyoifikisha hati hii mezani petu.

Hatukusudii kumkejeli mfasiri huyo. Maneno yote aliyotumia ni ya Kiswahili safi, na sentensi zake hazina kosa la sarufi. Hata hivyo, tafsiri yake imeshindwa kazi iliyokusudiwa, nayo ni kumjulisha hakimu na mrithi ni kitu gani hasa kinachogawanywa. Kosa la namna hii si lake peke yake, kwani, kama tutakavyoeleza, nasi tumewahi kulitenda.

Tuanze na hayo yaliyoitwa mabirika. Katika hati ya asili kimoja kinaitwa kalasha na cha pili lota. Birika, kama kila msemaji wa Kiswahili ajuavyo, lina mdomo mwembamba uliochomoza wa kumiminia, na kwa kawaida lina mkono wa kushikia. Lota halina mdomo wa namna hiyo wala mkono. Ni chombo kidogo cha mviringo, chenye shingo fupi na ukingo uliopinduka kwa nje, nacho hushikwa kwa kiganja. Asubuhi mwumini huelekea jua linalochomoza, akainua lota kwa mikono miwili, akayamimina maji polepole. Aidha, maji ya lota humiminwa juu ya linga la Shiva hekaluni. Lakini lota laweza pia kuwa chombo cha kawaida cha maji nyumbani. Basi lota ni jina la umbo; kazi yake hujulikana kwa mahali linapowekwa.

Kalasha ni jambo jingine. Kwa umbo ni mtungi mdogo wenye tumbo pana, shingo nyembamba na kinywa kilicho wazi. Lakini mtungi huo hupata hadhi yake kwa yale yanayotendwa juu yake: hujazwa maji, hufungwa uzi shingoni, hupangwa majani ya mwembe kinywani, na juu ya majani huwekwa nazi. Hutengenezwa hivyo wakati wa sikukuu ya Navaratri, katika arusi, na familia inapoingia nyumba mpya. Kalasha lililojaa ni alama ya ukamilifu na baraka, na katika muda wa ibada uungu hualikwa ukae ndani yake. Hata pambo la mfano wa mtungi linalosimamishwa kwenye kilele cha mnara wa hekalu nalo huitwa kalasha. Kwa hiyo kalasha ni jina la kazi kabla ya kuwa jina la umbo.

Hapa ndipo tunapopaswa kukiri kosa letu. Tulipoulizwa mara ya kwanza jina la Kiswahili la kalasha, tulijibu bila kusita: "chungu kitakatifu". Tulidhani kwamba tumeunda istilahi nzuri, kwa kuwa imetokana na maneno yetu wenyewe. Tulikosea mara mbili. Kwanza, chungu ni cha udongo na ni cha kupikia. Makalasha ya udongo yapo, lakini hili lililokuwa mbele yetu lilikuwa la madini, na hakuna kalasha lipikiwalo. Pili, neno "kitakatifu" linasema kwamba chombo ni kitakatifu siku zote. Sivyo. Ibada inapokwisha, uungu ulioalikwa huagwa kwa taratibu zake, maji hunyunyizwa nyumbani, na mtungi huoshwa na kurudishwa rafuni. Utukufu wake una mwanzo na mwisho. Istilahi yetu ilikuwa imetia katika dini ya watu jambo ambalo dini hiyo haikulisema.

Kikombe na kijiko vinatupa funzo jingine. Katika hati ya asili vinahesabiwa kuwa seti moja: kikombe cha wima kiitwacho panchapatra, na kijiko chake kidogo kiitwacho achamani. Mwenye kufanya ibada huteka maji kwa kijiko, huyatia katika kiganja cha mkono wa kulia, na kuyanywa kwa kidogokidogo mara tatu, ili ajitakase kabla ya kuanza. Mfasiri amevitenganisha, kana kwamba mrithi mmoja angeweza kupewa kikombe na mwingine kijiko. Mwenzetu mmoja alipendekeza "kikombe cha kutawadhia". Pendekezo hilo lina mvuto, lakini hatulikubali. Kutawadha katika Kiswahili ni neno la fikihi: lina viungo vyake, utaratibu wake na mambo yanayolibatilisha. Tukilitumia hapa, msomaji Mwislamu atafahamu jambo lisilokuwapo, na mwumini Mhindu ataona ibada yake imevishwa kanzu ya jirani. Kitenzi "kujitakasa" kinatosha, maana hakikufungwa na dini moja.

Si kila neno linahitaji kukopwa. Sinia ni sinia, hata likibeba maua, mchele na unga mwekundu wa kumkum. Kengele ni kengele; hutikiswa kwa mkono wa kushoto wakati mkono wa kulia unazungusha taa. Kitu cha kufukizia ubani ni chetezo. Samli, utambi, kafuri na sandali ni maneno tuliyo nayo tangu zamani. Upungufu wa mfasiri katika sehemu hii ni mmoja tu. "Taa ya shaba" haimwelezi msomaji kwamba hii ni taa ya arati, yenye mshikio na vijumba vya tambi, ambayo huwashwa kwa samli au kafuri na kuzungushwa mbele ya sanamu ya ibada kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kisha waumini huipitishia viganja na kuvigusisha usoni. Neno "arati" likiongezwa, shaka yote huondoka.

Sasa tufike kwenye shaba yenyewe, ambayo kwa maoni yetu ndiyo chanzo cha hasara ya wale warithi. Neno hili moja linabeba madini yasiyo sawa. Mkoa wa Katanga ulipoitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997, kila mtu alifahamu kwamba kinachotajwa ni madini mekundu yachimbwayo huko. Lakini tunaposema "kengele ya shaba" tunafikiria madini ya rangi ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Tena kuna mchanganyiko wa tatu, wa shaba nyekundu na bati, unaosifiwa kwa mlio wake. Kisanskriti kina majina matatu yaliyo mbalimbali: tamra, pittala na kamsya. Mafundi nao huyapambanua. Mji wa Moradabad, Uttar Pradesh, umepata sifa kwa vyombo vya manjano. Na ufundi wa Wathathera wa Jandiala Guru, Punjab, wafuao shaba nyekundu na ya manjano kwa nyundo na kuing'arisha kwa mchanga na maji ya ukwaju, uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Tofauti hii si ya fundi peke yake. Kwa desturi ya Wahindu wengi, shaba nyekundu husifiwa kwa usafi na hupendelewa kwa maji ya ibada, lakini maziwa hayatiwi ndani yake. Lota lililotajwa katika hati yetu lilikuwa la shaba nyekundu, na vingine vyote vilikuwa vya manjano. Mfasiri alipoandika "shaba" mara sita mfululizo, aliifuta tofauti ambayo mwenye mali aliiandika kwa makusudi.

Baadhi ya kamusi huyaita madini ya manjano "shaba nyeupe". Hatuwezi kulipendekeza jina hilo kwa hati za leo, kwani msomaji atafikiria kitu cha rangi ya fedha. Twaona afadhali kusema "shaba ya manjano", na kuiacha "shaba nyekundu" kama ilivyo.

Tunajua kwamba wako watakaotulaumu. Watasema kwamba tunafungua mlango kwa maneno ya kigeni pasipo haja. Tunawajibu kwamba karai, chapati na pesa yaliingia kwa mlango huohuo kutoka Bara Hindi, wala Kiswahili hakikudhoofika. Tena kalasha na lota yanaishia kwa irabu na kutamkika bila taabu. Ngeli yake nayo haina mgogoro: bakuli, birika na sinia yametuonyesha njia, hivyo tuseme kalasha hili, makalasha haya, lota hili, malota haya. Jina panchapatra libaki katika vitabu vya dini. Katika hati za serikali litoshe elezo la kazi yake.

Kanuni tunayopendekeza kwa wafasiri na makarani ni fupi. Pale ambapo umbo na kazi vinalingana na kitu chetu, tutumie neno letu. Pale ambapo umbo pekee ndilo linalolingana, tusidanganyike na umbo. Na chombo chochote cha madini kitajwe kwa madini yake kamili. Walimu na wafasiri wenye maoni tofauti tunawaomba watuandikie.

Orodha ile tumeirudisha, nayo sasa inasomeka hivi: "Vyombo vya ibada: kalasha la shaba ya manjano 1, lota la shaba nyekundu 1, kikombe cha maji ya kujitakasa pamoja na kijiko chake, vya shaba ya manjano, seti 1, taa ya arati ya shaba ya manjano 1, kengele ya mkono ya shaba ya manjano 1, sinia la shaba ya manjano 1." Imezidi ile ya kwanza kwa maneno kadhaa, lakini hakuna atakayevipeleka tena vyombo hivi kwenye mizani ya chakavu.