Taji Kubwa, Taji Dogo: Kuitambua Heller ya Tabora Iliyolika

Mkazi wa Utemini, mjini Singida, akikuta heller 20 ya mwaka 1916 kwenye sanduku la marehemu babu yake, jambo la kwanza huisugua ing'ae. Afadhali asingeigusa. Mchambuzi wa sarafu hutaka tochi tu, imulikwe kutoka ubavuni, ili kila mchoro uliobaki utupe kivuli.

Sarafu hiyo haikutoka Berlin. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimefunga njia za bahari, sarafu zikaadimika katika koloni la Wajerumani, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora, ikageuzwa kiwanda cha kupiga fedha. Zilitoka heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na nyekundu, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, Iramba, mkoa huu huu wa Singida. Wabelgiji walipoiteka Tabora tarehe 19 Septemba, shughuli hiyo ilikuwa imekwisha.

Kalibu, yaani vipande vya chuma vinavyogandamiza mchoro kwenye sarafu, hazikulingana. Kwenye heller 20, upande mmoja una taji kubwa au taji dogo. Upande wa pili, wenye neno HELLER, hutofautiana kwa ncha za herufi L: zote mbili zimechongoka, zote zimejikunja, au ya pili peke yake imejikunja. Mbili mara tatu ni sita, na bado hujagusa rangi ya shaba.

Taji halisumbui. Hata urembo wake ukifutika, ukubwa wake hubaki, na tarakimu za mwaka zipo upande huo huo za kulinganishia. Kazi iko kwenye L, kwa kuwa ncha ni nyembamba na ndizo zinazotangulia kulika. Tena si kila ubapa ni uchakavu: sarafu nyingi za Tabora zilipigwa kwa nguvu haba. Pakiwa bapa sehemu moja, na nyuma yake pia pakawa bapa, ilhali maeneo ya jirani yana mchoro mkali, hapo lawama ni ya mashine.

Wakusanyaji wa senti kubwa za shaba za Marekani, zilizopigwa kuanzia 1793 hadi 1857, nao hutambua kalibu kwa mchoro vivyo hivyo. Katalogi ya William Sheldon ya mwaka 1949 ilizipa kalibu za awali namba, na mtu huzifikia kwa kutazama ncha ya jani imeelekea herufi gani. Umbo hulika; mahali hapahami. Rupia 15 ya Tabora nayo hutenganishwa kwa kanuni hiyo: pambo la kulia huishia chini ya T au chini ya A ya kwanza katika OSTAFRIKA.

Ncha za L zikiwa zimekwisha kabisa, mchambuzi makini huandika aina ya taji na ya shaba, basi.