Kichuguu Katikati ya Njia

Katika somo la uhakiki tunafundishwa kuiuliza kazi yoyote maswali mawili: imesema nini, na imesemaje. Nataka kukiuliza maswali hayo kiwanja cha gofu. Najua wenzangu watacheka. Neno lenyewe linachekesha tangu mwanzo, maana gofu kwetu ni nyumba iliyobomoka, kuta zilizobaki bila paa, na mtu akikwambia anakwenda gofu unaweza kudhani amepanda basi la Kilwa.

Hata hivyo kiwanja cha gofu kina mtunzi. Uwanja wa kandanda hauna. Vipimo vyake viko katika sheria, na fundi yeyote mwenye kamba na chokaa anaweza kuuchora. Wa gofu anapewa ardhi tu. Yeye ndiye anayeamua mchezaji asimame wapi, shimo liwe wapi, na kati ya hapo na pale akutane na nini. Mambo hayo matatu yakipangwa vibaya mara 18, hakuna majani mazuri yatakayoyaficha.

Nimecheza viwanja viwili maishani. Kimoja kilikuwa Mutakura, na hakipo tena. Kingine ni cha klabu ambayo sitaitaja, ambako kaka yangu alikuwa kedi, yaani akiwabebea wachezaji mifuko ya fimbo na kuwatafutia mipira vichakani.

Cha Mutakura alikitunga kaka mwenyewe, mimi nikiwa na miaka tisa. Mwisho wa avenyu yetu palikuwa na viwanja vya watu ambao bado hawajajenga: mchanga, vumbi, majani magumu yanayochoma miguu, na kiangazi ardhi ilikauka ikawa kama sakafu. Alifukia makopo manne ya nyanya mpaka midomoni. Tulikuwa na fimbo moja ya chuma, mpini wake umevunjika na kuungwa kwa mpira wa baiskeli, na mpira mmoja wa gofu uliochubuka. Mpira ukipotea, mchezo umekwisha, kwa hiyo sote tulijifunza kutazama unakoangukia.

Kopo la tatu ndilo ninalotaka kulihakiki. Kati ya mahali pa kuanzia na kopo palikuwa na kichuguu, katikati kabisa ya njia. Kulia palikuwa peupe, mtu yeyote angeweza kupitisha mpira huko. Lakini ukishapita kulia, pigo la pili lilikuja kwenye mteremko, na mpira ulilipita kopo ukaishia mtaroni. Kushoto palikuwa na upenyo mwembamba kati ya kichuguu na mkeka ambao jirani yetu alianikia mihogo. Ukikosea ulikuwa matatani kwa mama huyo. Ukifaulu, kopo lilikuwa mbele yako, ardhi ikikusaidia. Tulimwambia kaka ahamishe kopo. Alikataa. Alisema, "Nikikihamisha, utakuwa unafikiria nini kabla ya kupiga?"

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilisoma habari za shimo la nne la kiwanja cha Woking, kusini magharibi mwa London, nikacheka peke yangu maktabani. Kiwanja hicho kilianzishwa na wanasheria mwaka 1893. Kabla ya hapo wachezaji wa London waliokaa mbali na bahari walicheza juu ya udongo wa mfinyanzi, tope tupu wakati wa baridi, na vizuizi vilikuwa matuta yaliyonyooka kama ya kuzuia jeshi, yakikata njia toka upande hadi upande. Woking walihamia ardhi nyingine kabisa, ya kichanga, kavu, isiyofaa kwa kilimo, iliyofunikwa vichaka vifupi vya jamii ya erika ambavyo huchanua zambarau mwezi wa 8. Ndugu za mimea hiyo wako kwetu pia, juu ya msitu wa Kilimanjaro na Rwenzori, ila huku wamerefuka wakawa miti. Vikafuata viwanja vingine vya ardhi hiyo: Sunningdale mwaka 1901, kazi ya Willie Park Mdogo, na Walton Heath mwaka 1904, kazi ya Herbert Fowler.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanachama mmoja wa Woking, Stuart Paton, alichimba mitego ya mchanga katikati kabisa ya njia ya shimo la nne, mahali ambapo pigo zuri lilikuwa likianguka. Wenzake walikasirika. Pigo lililonyooka liadhibiwe kwa kosa gani? Lakini upande wa kushoto wa mitego palikuwa salama na pa mbali. Upande wa kulia palikuwa na upenyo kati ya mitego na njia ya reli, na aliyethubutu kupita hapo alifunguliwa shimo. Mwanasheria mmoja, Tom Simpson, alikwenda kuutazama mtego huo akiwa upande wa waliokasirika, akarudi ameusadiki, na baadaye akaacha sheria akawa mtunzi wa viwanja.

Hapo ndipo ninapoona fani na maudhui vimeshikana. Kizuizi kilichowekwa pembeni kinamwadhibu aliyekwisha kukosea. Kilichowekwa katikati kinamuuliza swali hata yule ambaye hajakosea. Na swali hilo linawezekana tu pale ardhi yenyewe inapokuwa kavu na ngumu kiasi cha kuubeba mpira baada ya kuanguka, maana mteremko una kauli pale tu mpira unapobingirika.

Sasa kile kiwanja cha klabu. Kaka alinipeleka Jumatatu moja, siku ambayo makedi waliruhusiwa kucheza. Sikatai, nilipigwa na butwaa. Nilivua viatu nikakanyaga majani yale, laini kama zulia la msikitini. Lakini kufikia shimo la sita nilikuwa nimechoka kama msomaji wa shairi lenye vina vyote na wazo moja. Kila shimo lilisema: piga moja kwa moja. Miti mistari miwili, kulia na kushoto. Mitego pembeni, yenye umbo la kupendeza. Majani yamemwagiliwa hata mpira ukianguka unabaki palepale, kama kipande cha ugali. Ardhi ilikuwa na miteremko mizuri, kaka alinionyesha, lakini maji yalikuwa yameinyamazisha. Shimo moja tu, lenye mtaro uliokatiza njia kwa mshazari, lilinifanya nisimame nifikirie, na kaka akasema mtaro ule ulichimbwa kwa ajili ya mvua, si kwa ajili ya mchezo.

Mtu atasema hali ya hewa yetu inadai maji. Lakini viwanja vingi vya awali vya Afrika Mashariki havikuwa na majani hata karibu na shimo. Wachezaji walimalizia juu ya mchanga uliochanganywa na mafuta, uliosawazishwa kila baada ya mtu kupita. Zulia lilikuja baadaye, na lilipokuja watu wakadhani ndilo mchezo wenyewe.

Ukuta nao ni sehemu ya utunzi. Walton Heath iko juu ya ardhi ya malisho ya pamoja, na njia za waenda kwa miguu zinaukatiza mchezo mpaka leo. Huku kwetu wakoloni waliugeuza mchezo uleule kuwa mpaka: huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, kiwanja cha gofu kiliwekwa ndani ya ukanda uliotenga mji wa Wazungu na mji wa Waafrika. Shimo letu la tatu lilikatizwa na akina mama waendao sokoni. Kaka aliinua mkono, "Shikamoo mama, pita," nasi tukasubiri. Nilikuwa nikiona ni usumbufu. Sasa nadhani kusubiri kule kulikuwa ndani ya mchezo, maana kulikupa muda wa kubadili nia kuhusu upenyo wa kushoto.

Kaka hakubaliani nami. Anasema nasifu makopo kwa sababu sikuwahi kubeba mfuko juani siku nzima nikitazama wengine wakipiga, na kwamba kama ningefanya hivyo ningetaka zulia. Pengine. Yeye alijua kila mteremko wa kiwanja kile kuliko wanachama wote, na alikicheza Jumatatu tu, kwa fimbo za kuazima.

Mwaka jana tulipita pamoja mwisho wa avenyu. Pamejengwa pote. Kichuguu kilivunjwa, udongo wake ukasiribia nyumba ya mtu. Mahali pa kopo la tatu pana geti la bati la buluu. Kaka alisimama barabarani, akafumba jicho moja, akapima kati ya geti na ukuta wa jirani.

"Kushoto bado panapitika," akasema.