Uteuzi wa Diski Kubwa: Hisabu ya Ghala na Hisabu ya Nyumbani

Mafuriko yalipoikumba Thailand mwaka 2011, na maji ya mwezi wa Oktoba yakaingia hata ndani ya viwanda vya diski vya Western Digital vya Bang Pa-in na Navanakorn, biashara ya diski kuu ilitikisika ulimwenguni kote, na bei ambazo kwa miaka mingi zilikuwa na desturi ya kushuka tu zikageuka zikapanda kwa ghafla, hata diski ya ndani ya terabaiti 3 iliyokuwa ikiuzwa dola 129 za Marekani ikadaiwa dola 349. Kampuni ya Backblaze ya California, iliyoasisiwa mwaka 2007 na kujipatia riziki yake kwa kuhifadhi nakala za akiba za kompyuta za watu binafsi, kwa ada ambayo wakati huo ilikuwa dola 5 kwa mwezi bila kikomo cha wingi wa data, haikuwa na nafasi ya kungoja maji yakauke, maana data za wateja zilimiminika kila siku na kila siku zilitaka diski mpya za kuzipokea. Ndipo wakuu wake walipotambua kuwa diski ile ile, ikiwa imefungwa ndani ya kasha la plastiki na kuitwa diski ya nje, bado ilipatikana katika maduka ya Costco na Best Buy kwa bei iliyo chini sana kuliko ile iliyo uchi. Wafanyakazi wakatumwa, na jamaa na rafiki zao wakaombwa auni, wakazunguka duka baada ya duka kando ya Ghuba ya San Francisco, wakinunua mbili mbili pale ambapo sharti la duka halikuruhusu zaidi, kisha wakarudi kuyapasua makasha na kuzitoa diski zilizokuwamo.

Mtu aweza kuicheka habari hii kuwa ni ujanja wa wachuuzi, lakini mimi naiona kuwa ni hoja ya kiufundi iliyotimizwa kwa vitendo. Diski za nje za dukani hazikutengenezwa kwa kazi ya mchana na usiku ndani ya ghala la seva, na mwenye kufuata vitabu vya watengenezaji angeliambiwa anunue aina ya gharama kubwa iliyokusudiwa kazi hiyo. Backblaze hawakuwa na haja ya diski isiyokufa. Katika masanduku yao ya chuma mekundu, ambayo michoro yake waliichapisha bure mwaka 2009 ili apendaye ajitengenezee, diski 45 zilipangwa katika makundi matatu ya 15, na kila kundi liliweza kupoteza diski 2 kwa wakati mmoja pasipo faili hata moja ya mteja kupotea. Maadam mauti ya diski yamekwisha kutiwa katika hisabu tangu mwanzo, diski rahisi inayokufa mara nyingi kidogo kuliko ya ghali si hasara. Ni biashara njema.

Baadaye hisabu hiyo ikawa na faida kwa watu wasiokuwa wateja wao. Tangu mwaka 2013 kampuni imekuwa ikiandika kila siku hali ya kila diski yake, na ilipoanza kutangaza matokeo wazi kwa majina ya watengenezaji na namba za modeli, ulimwengu ulipata kwa mara ya kwanza daftari kubwa la aina hiyo lisilofichwa na kiwanda. Idadi ya diski zilizokufa hugawanywa kwa jumla ya siku ambazo diski zote zimefanya kazi, kisha jibu hugeuzwa kuwa kiwango cha mwaka. Mwaka 2020 kiwango hicho kilikuwa asilimia 0.93, na mwaka 2023 kikawa asilimia 1.40, katika ghala lenye diski zaidi ya laki mbili. Diski mia moja, kwa wastani, hupoteza moja au mbili kwa mwaka.

Wastani, hata hivyo, ni pazia. Nyuma yake kuna modeli moja ya Seagate ya terabaiti 3, ST3000DM001, ambayo katika diski 4,190 zilizofungwa ghalani mwaka 2012, zilizobaki kazini mwisho wa Machi 2015 zilikuwa 251 tu. Nyingine zilikufa, na nyingine ziliondolewa mapema kwa kuwa majaribio yalionyesha kuwa zinaelekea kule kule. Wakati huo huo diski za Hitachi za ujazo kama huo ziliendelea na kazi yake kwa utulivu. Wengi waliosoma habari hizo waliapa kutonunua Seagate tena, na hapo ndipo ninapotofautiana nao, kwa sababu diski za Seagate za terabaiti 4 zilizofuata hazikuonyesha balaa mfano wa ile. Jina la kampuni ni dalili dhaifu. Namba ya modeli ndiyo shahidi. Tatizo lake ni kwamba shahidi huyo huchelewa kufika barazani: mpaka modeli ipate miaka mitatu ya ushahidi, aghalabu imekwisha kuondoka madukani.

Basi mtu wa nyumbani, mwenye picha za harusi, barua, hati za kiwanja na sauti za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki, achukue nini katika habari za ghala? Asichukue ule wastani, kwani asilimia 1.40 ina maana kwa mwenye diski laki mbili, na kwa mwenye diski moja haina faraja yoyote: yake ama i hai ama imekufa. Achukue mpango. Backblaze walinunua diski za kawaida na kuweka akiba ya kufiwa nazo, na hilo mtu aweza kulifanya kwa diski mbili tu. Kwa hiyo, mtu akiniuliza kama anunue diski moja ya terabaiti 16 au mbili za terabaiti 8, nitamjibu bila kusita kuwa anunue mbili, aandike yale yale katika zote mbili, na akubali kuwa ujazo wake wa kweli ni terabaiti 8. Tena ziwe za modeli mbalimbali, ili ila moja ya kiwandani isizipate zote kwa pamoja kama ilivyowapata wenye ST3000DM001.

Kuna na hisabu ya muda, ambayo wauzaji hawaitaji. Diski ya terabaiti 16 ikiandika megabaiti 200 kwa sekunde, jambo ambalo haiwezi kulidumisha kutoka mwanzo hadi mwisho, huhitaji zaidi ya saa 22 kujaa. Na ikiunganishwa kwa mlango wa zamani wa USB 2.0, kazi hiyo hiyo huchukua siku 5 na zaidi. Katika miji yetu ambamo umeme una hiari yake ya kuja na kuondoka, uandishi wa siku tano si jambo la kutegemea, na ni vema mlango wa kompyuta uangaliwe kabla ya ujazo wa diski.

Jambo jingine la kuchunguza ni namna ya uandishi. Katika diski nyingi za siku hizi njia za sumaku hulaliana kama vigae vya paa, ili nyingi zaidi zienee mahali padogo. Faida yake ni ujazo, na gharama yake ni kwamba kubadilisha kigae kimoja hulazimu kufumua na kuezeka upya vile vinavyokilalia. Mwaka 2020 ilidhihirika kuwa Western Digital walitia namna hiyo katika diski zao ziitwazo Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa kwa kazi ya makundi ya diski, pasipo kulitamka wazi, na wanunuzi wakaghadhibika kwa haki, maana diski ya vigae ikiingizwa katika kundi kujaza nafasi ya iliyokufa huweza kujikokota mno hata mtambo ukaidhania nayo imekufa. Lakini kwa nakala inayoandikwa mara moja, ikafungwa na kuwekwa kabatini, vigae havina madhara makubwa, na mwenye fedha chache asiviogope.

Diski ya terabaiti 8 ikionekana katika Windows kuwa na 7.27, hakuna aliyeibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1,024. Aliyeibiwa ni yule aliyenunua kijidude cha ukubwa wa kidole kinachodai terabaiti 16 kwa bei ya mlo, ambamo mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kusema uongo. Na mwanzoni mwa mwaka 2025 iligunduliwa Ulaya kuwa diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, saa zake zikiwa zimerudishwa nyuma. Hivyo diski ngeni ichunguzwe kwa programu ya kusoma hali yake, na iandikwe pote mpaka ijae, kabla ya kukabidhiwa amana yoyote.

Mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Hii ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, ilhali moto na mwizi havichagui modeli. Diski ya pili ipelekwe kwa ndugu au kazini, ikiwa imefungwa kwa nywila, na iletwe mara kwa mara kuongezwa yaliyo mapya. Na siku iletwapo, msomaji, usiridhike kuona majina ya faili yamejipanga: nakili baadhi yake katika kompyuta nyingine, uzifungue, uone kuwa zinafunguka.